Puma bila mbwa: marufuku imemwokoa nani?

Mleta mada, Portland

Wakuu, nina miaka kumi na moja jimbo la Oregon, Marekani, na kila msimu wa kuwinda ukifunguliwa ubishi kazini ni uleule: ni haki kumwinda puma kwa mbwa? Nimechoka kubishana kwa Kiingereza, leo tubishane kwa lugha yetu.

Kwa wasiomjua, puma ndiye Wamarekani wanayemwita simba wa mlimani, ingawa kwa ukoo yuko karibu na duma kuliko simba. Hangurumi, hukoroma kama paka wa jikoni. Utamkuta kuanzia Yukon kule Kanada mpaka kusini mwa Chile. Namna ya zamani ya kumpata ni mbwa. Wanafunguliwa kwenye nyayo mbichi, wanamfukuza, na kwa kuwa puma ana kasi lakini hana pumzi, hachukui muda anapanda mti. Mwindaji anafika taratibu, anamkuta juu, anapiga. Theodore Roosevelt aliwinda hivyo jimbo la Colorado mwanzoni mwa 1901, miezi michache kabla ya kuwa rais.

Watu wa mjini wakasema huo si uwindaji, ni kuangua embe. Mwaka 1994 wapiga kura wa Oregon wakapiga marufuku mbwa, na 1996 jimbo jirani la Washington wakafuata kwa asilimia 63 ya kura. California wao walishamaliza kazi 1990: puma haguswi kwa mchezo, kwa mbwa wala kwa miguu.

Hoja yangu ni kwamba Oregon na Washington zimeishia njiani. Mbwa wameondoka, uwindaji umebaki. Idara za wanyamapori zikaogopa puma watazidi, zikarefusha msimu na kushusha bei ya kibali. Washington ilitoka dola 24 ikafika 5. Basi kila anayekwenda kutafuta kulungu akatia na kibali cha puma mfukoni, huwezi jua. Oregon idadi ya puma wanaouawa ilishuka mwanzoni, lakini baada ya miaka michache ikapita ile ya enzi za mbwa. Na anayepiga sasa ni mtu aliyekutana naye kwa bahati, jioni, kwa sekunde tatu. Hajui kama ni dume au jike, wala kama kuna watoto kichakani. Mwenye mbwa anamtazama mtini hata nusu saa. Dume ana doa jeusi chini kidogo ya mkia, jike hana. Colorado hupewi kibali mpaka ufaulu mtihani wa kutofautisha hayo.

Kwa hiyo unampenda puma? Fanya kama California. Huwezi? Rudisha mbwa.

Mchangiaji, Spokane

Mkuu, heshima yako, lakini umeshika mkia ukasema ndiyo tembo. Kosa la kibali cha dola 5 ni la aliyekiuza. Marufuku ya mbwa haikumlazimisha mtu kuuza vibali kama karanga.

Mimi nawinda hukuhuku Washington kwa miguu, na nakuambia aliyezoea haendi kubahatisha. Unasubiri theluji iache kuanguka usiku, unatoka alfajiri kabla ya jua. Unyayo wa puma hauna alama za kucha, na kisigino chake nyuma kina mikunjo mitatu. Wa mbwa hauko hivyo. Ukiupata, fuata. Usimfuate ili umfikie, hutamfikia, atakusikia wewe kwanza. Unafuata ili ujue anakwenda wapi. Siku ya bahati nyayo zinakupeleka kwenye mzoga wa kulungu uliofukiwa kwa majani na theluji. Hapo umemaliza nusu ya kazi, maana atarudi kula, na mara nyingi amelala hapo karibu. Unajua upepo unatoka wapi, unakaa mbali, unanyamaza. Wengine hupuliza filimbi yenye mlio wa ndama wa kulungu, na lazima uwe na subira ya saa nzima, kwa kuwa paka haji mbio kama mbwa mwitu. Anakuja akinyata, na pengine atakuwa nyuma yako.

Misimu minne nimerudi mikono mitupu. Mmoja tu ndio nilimwona, na nyayo zilikuwa zimeshaniambia yuko peke yake. Sasa niambie, hapo nani hajui anachopiga?

Mleta mada, Portland

Zilikuambia yuko peke yake usiku ule. Jike huwaacha watoto mahali akaenda kuwinda, na watoto hukaa naye mwaka mmoja na nusu hivi. Nyayo za jike aliyeacha watoto na za asiye nao ni zilezile.

Mchangiaji, Spokane

Kweli. Lakini na jike wako wa mtini anaweza kuwa amewaacha vilevile. Doa jeusi litakuambia ni jike tu. Mbwa hanusi kama yule jike ana watoto pangoni.

Mchangiaji, Missoula

Mmesahau kuna mbwa mmoja na kuna mbwa wanane. Colorado sheria inaruhusu kundi la mpaka wanane, na wanane wakimfungia puma mtini hapo hakuna ujuzi tena, ni kelele tu. Huku Montana nina mzee jirani, anatembea na mbwa mmoja, siku nyingine wawili. Hawafungui kwenye nyayo za jana. Anafuata yeye kwa miguu, mbwa kwenye kamba, mpaka theluji imwambie puma amepita muda si mrefu. Hapo ndipo anamwachia. Mara nyingi hawafiki popote, puma anavuka mwamba mbwa anabaki kulia. Hata akimwona mtini, mara nyingi anatazama, anapiga picha, anamfunga mbwa kamba wanarudi nyumbani. Amenionyesha picha zaidi ya ishirini, ngozi ukutani ni moja.

Ana sababu nyingine ya kutowaachia ovyo: mbwa mwitu. Wakisikia mbwa wako anabweka bondeni wanakuja kumuua, na Idaho na Montana limetokea mara nyingi tu. Msasi haogopi mwiba, lakini mbwa wake amemgharimu miaka mitatu ya kumfundisha.

Kwangu mimi, ruhusuni mbwa wawili, basi.

Mchangiaji, Tanga

Swali nje ya mada. Hiyo nyama inaliwa? Maana huku kwetu mwenye chonge haliwi.

Mchangiaji, Missoula

Inaliwa dada yangu, wanasema ni kama nyama ya nguruwe, kwa hiyo kwako imeharamika mara mbili. Colorado ni kosa kuiacha porini.

Mchangiaji, Iringa

Nimefanya kazi vitalu vya uwindaji, naomba niseme. Tanzania tuna kanuni ya umri kwa simba: dume tu, na awe na miaka 6 au zaidi, kwa kuwa ukiua dume kijana mwenye watoto, madume wapya wakiingia wanawaua wale watoto. Sasa umri utaujuaje? Inabidi umtazame. Rangi ya pua, manyoya ya shingo, meno akipiga mwayo. Ndiyo maana watu hutundika nyama mtini wakakaa kwenye kibanda: chambo kinakununulia muda wa kutazama. Mgeni akiona anasema huo ni uvivu. Sawa, lakini mkimbize kwa gari umpige anakimbia uone umeua nani.

Kenya walifunga uwindaji wote 1977, na hilo nalielewa. Ila kubaki na bunduki na kuondoa muda wa kutazama, hapo namuunga mkono mleta mada.

Mchangiaji, Spokane

Hapo kwa simba dume nakuelewa, kaka. Lakini jambo lako la madume wapya linanirudisha kwangu. Robert Wielgus na wenzake wa chuo kikuu cha Washington State walikuta kwamba mahali puma wanapouawa sana, malalamiko ya mifugo mwaka unaofuata yanapanda. Dume mzee akitoka, vijana wanaingia, na kijana hajui mipaka wala hajazoea kulungu wagumu. Kwa hiyo cha kuuliza kwanza ni wangapi. Kwa miaka mingi Washington iliweka kiwango cha asilimia 12 hadi 16 ya puma wa eneo. Kikifikiwa, eneo linaweza kufungwa. Hiyo ndiyo breki, na haibweki.

Mleta mada, Portland

Breki ya idadi naikubali, na nilipaswa kuitaja tangu mwanzo. Kwa kibali cha dola 5 nimeilaumu marufuku bure. Lakini hesabu haimwoni jike. Katika hao 12 kwa mia, majike wangapi? Asiyeona vizuri anapiga aliyetokea, na majike ndio wengi porini.

Colorado Novemba 2024 waliulizwa wafunge uwindaji wote wa puma, na zaidi ya nusu wakakataa. Kule wanauawa takriban 500 kwa mwaka, wengi wao kwa mbwa. Ningeishi kule ningepiga kura ya kufunga. Huku kwangu hakuna anayeniuliza.

Missoula, huyo mzee wako wa mbwa mmoja, anapokea wageni?

Mchangiaji, Missoula

Anapokea. Njoo Januari, na viatu vya kweli, si hivyo raba vya mjini.