Kikundi: Ukoo Wetu Ngamiani

Baba Salma: Asalaam alaykum. Shikamoo mama. Jamani, Salma wiki ya pili hapokei simu yangu. Mama yake keshamlisha maneno. Nakuja Tanga, naenda ustawi wa jamii. Sheria ipo.

Binamu Athumani: Waalaykum salaam kaka. Ustawi wa jamii nenda tu, kazi yao mojawapo ni kupatanisha wazazi. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 inakuruhusu kuomba mahakamani uwe unaonana naye. Lakini hiyohiyo inampa mtoto haki ya kusema lake. Salma keshaulizwa?

Dada Rukia: Nimemuuliza mimi. Jumamosi alilala kwangu Makorora. Simu yako ikaita, akaigeuza kifudifudi. Mbona mwanangu? Akasema, "Baba akipiga ananiuliza mama katoka na nani, hela ya sare kafanyia nini. Nikikata, mama naye ananiuliza baba kasemaje." Hakuna aliyemlisha maneno, kaka. Mmemfanya tarishi, kachoka. Ana miaka 11!

Baba Salma: Sasa ya ada nimuulize nani? Nikimpigia mama yake ni ugomvi.

Mama: Marahaba mwanangu. Ya ada muandikie, atajibu. Asipojibu niambie mimi, yule tunaonana sokoni kila siku na hatujagombana.

Dada Rukia: Na wifi nitamkabili mwenyewe. Hili si lako peke yako.

Baba Salma: Haya. Na Salma tuongee nini? Tukishasalimiana kimya.

Dada Rukia: Ya kwake yapo tele! Kachaguliwa kwenye kaswida ya maulidi chuoni, mwambie akusomee. Paka wake kazaa chini ya kabati. Hesabu za sehemu zinamliza. Mwache aseme mpaka amalize, usimkatize na "mama yako yupo?"

Baba Salma: Akinyamaza?

Dada Rukia: Usimlazimishe. Mwambie utapiga lini tena, na siku hiyo upige. Ukiahidi Ijumaa ukapiga Jumapili, hayo ndiyo maneno anayolishwa, na anayemlisha ni wewe.

Binamu Athumani: 👆🏾 Hapo dada kasema.

Baba Salma: Mama, kesho kutwa Ijumaa atakuwepo?

Mama: Atakuwepo kwangu. Piga kabla ya magharibi, keshatoka chuoni. Piga kwenye simu yangu, nitamuuliza kwanza kama anataka. Akikataa usikasirike, utapiga Ijumaa nyingine.

Baba Salma: Sawa mama. Hao paka wangapi?

Dada Rukia: Muulize yeye.