Tupeane uzoefu: kuyaona mawimbi kwa macho, ya kwenye bati na ya kichwani

Mwanzisha uzi: Wakuu, masimulizi ya maono ya uyoga wa kulevya huishia palepale: vyandarua, mahandaki, mizunguko, kisha "ulimwengu wote ni mawimbi". Mahubiri tuyaweke kando, tuongelee vitu vya kushika: bati linalotikiswa na spika, ukilinyunyizia mchanga, mchanga unajipanga na kuchora mawimbi yake. Mahitaji: Spika ya inchi 6 au 8, amplifaya ya wati 20, simu yenye programu ya kutoa toni. Mafundi wa mtaa wa Gerezani, Dar, watakukatia bati la alumini la milimita 1, mraba wa sentimita 24. Toboa katikati kabisa tundu la boliti ya milimita 4. Likienda upande, michoro inapinda. Boliti ipite kwenye kifuniko cha chupa, kifuniko ukigandishe kwa epoksi katikati ya spika, bati ulibane juu kwa nati mbili.

Mzee wa Spika: Nati ikilegea utasikia mkwaruzo na mchanga utatawanyika ovyo. Anza na sauti ndogo, toni ya hezi 100 (mitikisiko 100 kwa sekunde), panda hezi mojamoja. Bati likifika mahali pake sauti inavimba ghafla; tulia hapo, maana ukizidisha hezi chache tu mchoro unapotea. Toni haipumziki kama muziki, koili (waya uliozungushwa ndani ya spika) inapata moto upesi. Ukinusa vanishi, zima. Na masikio uyazibe.

Bi Mchanga: Chumvi kwa hali ya hewa ya Dar, hasa masika, sahau. Inavuta unyevu na kushikana vidonge. Chukua mchanga wa Coco Beach, osha kwa maji ya bomba mara tatu, anika, chekecha kwa chujio la chai. Kijiko kimoja cha chai kinatosha.

Halafu kuna hili linalowachanganya wengi: nyunyiza mchanga pamoja na unga laini sana. Mchanga unakimbilia pale bati lisipotikisika, unga unajikusanya pale linapotikisika zaidi! Hujakosea. Mwanasayansi Faraday alilieleza mwaka 1831: hewa inayozunguka juu ya bati ndiyo inayobeba vumbi jepesi. Toni ileile, bati lilelile, michoro miwili inayopingana.

Mwalimu wa Zamu: Ndiyo maana nasema mchoro hautoki kwenye toni peke yake. Tangu mwanafizikia Mjerumani Chladni alipochapisha michoro yake ya mchanga mwaka 1787 inajulikana kwamba umbo la bati nalo linaamua. Maono nayo vivyo hivyo. Miaka ya 1920 mwanasaikolojia Klüver, akichunguza meskalini (dawa ya maono itokanayo na kaktasi), aliyapanga katika maumbo manne: wavu, utando wa buibui, handaki na mzunguko wa konokono. Mwaka 1979 wataalamu wa hesabu Ermentrout na Cowan wakaonyesha kwa hesabu kwamba mistari iliyonyooka ya msisimko kwenye sehemu ya ubongo inayohusika na kuona, mwenye ubongo huo anaiona kama handaki au mzunguko, kwa sababu katikati ya jicho imepewa eneo kubwa mno huko ndani. Yaani unaangalia bati lako mwenyewe, ubongo wako. Na yale ya "ulimwengu wote ni mawimbi", mawimbi ya elektroni (chembe za ndani ya atomu), ni kesi nyingine: mwanafizikia de Broglie aliyapendekeza 1924, wenzake Davisson na Germer wakayapima 1927 kwa fuwele ya nikeli. Kwa vyombo, siyo kwa uyoga.

Kijana wa Tandika: Mwanga wa kumetameta nao unaleta vyandarua, bila kumeza kitu. Mwenye kifafa asithubutu. Mimeto 15 hadi 25 kwa sekunde ndiyo hatari zaidi.

Mgeni: Bati la kuezekea lenye migongo je?

Mzee wa Spika: Halifai mkuu. Migongo inalikaza upande mmoja tu. Tafuta lililonyooka.