Hivi watengenezaji wa hizi loga za joto wanatuonaje?

Wakuu, nimevumilia nimechoka, leo acha niseme. Nazungumzia hizi loga ndogo za USB, zile unazoziweka ndani ya friji ya dawa zikarekodi joto usiku na mchana. Kurekodi zinarekodi, sikatai. Balaa liko kwenye kuziseti.

Friji ya chanjo inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Loga imewekwa humo kwa kazi moja tu: joto likipanda au likishuka nje ya hapo, ujue ni saa ngapi na lilikaa huko kwa muda gani. Hakuna aliyeomba kingine.

Sasa oneni kituko. Cha kwetu kilitoka kiwandani kimesetiwa kipime kila baada ya sekunde 10, na kumbukumbu yake inabeba vipimo 16,000. Pigeni hesabu: sekunde 160,000, yaani saa 44 na dakika kama 26 hivi. Kiwashe Ijumaa saa kumi na moja jioni, Jumapili kabla ya saa saba na nusu mchana kimeshajaa. Kikijaa kinafanya nini? Kinanyamaza! Hakilii wala hakiwashi taa. Kile kiskrini chake kinaendelea kuonyesha joto la sasa kana kwamba kazi inaendelea, kumbe hakiandiki kitu. Umeme ukakatika Jumapili usiku. Jumatatu asubuhi tumefika umesharudi, friji inanguruma, skrini inasoma nyuzi 5, kila mtu anaona mambo shwari. Kufungua grafu, mstari unaishia Jumapili mchana. Usiku mzima wa giza hakuna hata nukta. Dawa zimefika nyuzi ngapi? Hakuna ajuaye. Zikatengwa zote.

Kifaa hicho hicho ukikiseti kipime kila dakika 10 kinakwenda siku 111. Tofauti ni mpangilio mmoja kwenye kisanduku kimoja! Programu ingeshindwa nini kuandika pale chini "kwa mpangilio huu kumbukumbu itajaa tarehe fulani, saa fulani"? Ni kuzidisha tu, mtoto wa shule ya msingi anaweza. Na lile chaguo la kufuta vipimo vya zamani ili kiendelee kuandika lipo, lakini wamelitupa kwenye kidirisha cha tatu, nyuma ya neno "Zaidi", na limezimwa.

Ngojeni, bado. Tukampigia muuzaji, maana fundi wake ndiye aliyekuja kukifunga. Akasema chomekeni kwenye kompyuta, fungueni programu, bonyezeni "Seti" tuone mipangilio ikoje. Tukabonyeza kama tulivyoelekezwa. Wakuu, kile kitufe hakionyeshi mipangilio. Kinaandika mipangilio mipya, na kikiandika kinafuta kumbukumbu yote, bila kuuliza "una uhakika?" wala kukukumbusha kwamba hujapakua data. Kiko sentimita moja kutoka kitufe cha "Pakua", rangi moja, ukubwa mmoja. Hata yale machache ya kuanzia Ijumaa yakaenda na maji. Kumrudia muuzaji, jibu lake: "Mngepakua kwanza." Na aliyetuambia tubonyeze ni nani?

Halafu alamu. Kilikuja kikiwa na kikomo cha juu nyuzi 30 na cha chini nyuzi 10 chini ya sifuri. Kwa friji ya dawa, hiyo ni sawa na kutokuwa na alamu kabisa. Ukirekebisha ukaweka 8 na 2, unakutana na kisirani kingine: kinalia papo hapo. Mtu akifungua mlango kutoa kichupa, hewa inapata joto, taa nyekundu. Ikifika mchana taa imewaka mara nyingi mpaka hakuna anayeijali. Wakati viwango vya Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa virekodi joto vya siku 30 viko wazi kwa anayetaka kusoma: alamu ya juu ilie joto likiwa juu ya nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo, ya chini likifika -0.5 au chini zaidi kwa dakika 60. Wameachanisha muda kwa sababu joto linaichosha chanjo kidogo kidogo, ila kuganda kunaziua zile zenye chumvi za aluminiamu, kama ya pepopunda na ya homa ya ini B, na zikishaganda hazirudi. Kisanduku cha kuchelewesha alamu kwenye programu yetu kinaishia dakika 60, na ni kimoja kwa juu na chini. Mtu aliyekibuni hajawahi kusimama mbele ya friji ya chanjo, naapa.

Ya saa nayo hayasemeki. Kinachukua saa ya kompyuta wakati wa kuseti, kompyuta ikiwa imekosea nacho kinakosea moja kwa moja bila kuonya. Ripoti ya PDF inatoka kwa saa za UTC (saa ya kimataifa, siyo ya hapa), faili la jedwali linatoka kwa saa za hapa, na tarehe imeandikwa 03/04. Machi tarehe nne au Aprili tarehe tatu? Mkaguzi akiuliza ujibu nini? Desimali nazo zimeandikwa kwa mkato, kwa hiyo 4,5 ikifunguliwa inajigawa safu mbili, nyuzi 4 huku na 5 kule.

(Farenhaiti nimeisamehe, ile nimeiona mapema nikaibadilisha.)

Najua kuna mtu anaandaa "mkuu soma mwongozo". Nimeusoma. Ni karatasi iliyokunjwa mara nane, herufi za kusomea na lenzi, na inasema taa nyekundu ikimweka mara moja ni alamu ya juu, ikimweka mara mbili ni alamu ya chini au betri imeisha. Au! Friji inagandisha chanjo au nikatafute betri, nichague mwenyewe.

Kwa hiyo naomba wenye uzoefu: kuna loga yoyote mliyowahi kutumia inayokataa kuseti upya mpaka umepakua data, yenye ucheleweshaji wa alamu wa juu na wa chini tofauti, na inayosema itajaa lini? Kama ipo wekeni jina hapa. Na kama kuna njia ya kurudisha data iliyofutwa na hicho kitufe, hata ya kuungaunga, nitashukuru. Muuzaji ameshaacha kupokea simu.