Kikundi cha ukoo: maneno ya kibao cha Babu

Mimi: Shikamooni wakubwa zangu. Fundi anataka maneno ya kibao leo jioni, akishaanza kuchonga hafuti tena. Nimeandika hivi:
“Askari wa mgambo, Vita vya Kagera. Alifia Lukaya, Uganda, 11 Machi 1979. Hakurudi nyuma hata hatua moja.”

Shangazi: Marahaba mwanangu. Umenitoa machozi. Hayo ya mwisho ndiyo aliyokuwa akinijibu marehemu mama kila nikimuuliza baba alikuwa mtu wa namna gani.

Kaka Dodoma: Yamekaa vizuri. Kibao kinawekwa kando ya kaburi la Bibi, sivyo?

Mimi: Ndiyo, pale pale alipoacha nafasi. Kule Kaboya alikozikwa Babu, makaburi yako chini ya jeshi, hatubadilishi kitu, sisi tunapeleka maua tu.

Mdogo wetu (Mwanza): Kaboya ni Bukoba mjini?

Kaka Dodoma: Hapana, wilaya ya Muleba, kabla hujafika Bukoba. Sisi tunakwenda na basi, Singida, Nzega, Kahama, Biharamulo hadi Muleba. Wewe panda MV Victoria, ushuke Kemondo, tutakutana huko. Nakata tiketi tatu za basi: yangu, ya Shangazi na ya mwandishi wetu. Babu Mdogo alishasema magoti hayaiwezi ile safari.

Shangazi: Tufike tarehe 24, ili Siku ya Mashujaa itukute pale.

Kaka Dodoma: Ndivyo nilivyopanga. Kila tarehe 25 Julai namwona Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, nami nimekaa mbele ya TV namfikiria mtu ambaye kaburi lake sijawahi kulisogelea. Mwaka huu hapana.

Babu Mdogo: Wajukuu zangu nimesoma. Maneno ya mwisho yaondoeni.

Mimi: Shikamoo Babu. Yapi, hayo ya kutorudi nyuma?

Babu Mdogo: Hayo.

Shangazi: Kwa nini Baba Mdogo? Ni maneno ya mama.

Babu Mdogo: Najua, mwanangu. Mama yako aliyapata kwangu. Nilipotoka vitani alinishika mkono akaniuliza amekufaje, nikamwambia hakurudi nyuma. Wewe ulikuwa mgongoni mwake. Sikuwa na maneno mengine siku ile. Ngojeni, nasema na kijana wa hapa ananiandikia.

Babu Mdogo: Mwalimu alitangaza redioni tarehe 2 Novemba 1978 kwamba Amin ameingia kwetu na tutampiga. Mimi na kaka tukajiandikisha mgambo. Mafunzo yalikuwa mafupi, vita haikusubiri. Mwezi wa tatu tukawa tumeshapita Masaka, tumefika Lukaya, kijiji kilichokaa kwenye barabara ya Kampala, kinamasi huku na huku. Tulitakiwa kuwahi daraja la Katonga lisivunjwe. Tarehe 10 wakatujia Walibya aliowaleta Gaddafi kumsaidia Amin, wana vifaru na mizinga ya maroketi. Maroketi yenyewe yalipita juu yetu yakaangukia nyuma. Lakini ule mlio! Brigedi yetu, ya 201, wengi tulikuwa mgambo, hatujawahi kusikia kitu kama kile. Tulikimbia.

Babu Mdogo: Na kaka alikimbia. Nilikuwa nyuma yake.

Mdogo wetu (Mwanza): Babu…

Babu Mdogo: Tukaingia kwenye mafunjo, maji mpaka kifuani, giza, hujui aliye jirani ni mwenzako au adui. Kaka akaanza kuita. Hakupiga kelele, aliita kwa sauti ya chini, kwa Kinyaturu, kama mtu anayetafuta ndama. Anayejua lugha akajitokeza. Na asiyeijua, akisikia kwamba ile si lugha ya upande wa pili, akajitokeza. Mmoja alikuwa ameumia mguu, kaka akambeba mpaka nchi kavu. Usiku huohuo wakubwa wakatukusanya. Brigedi ya 208 ikazunguka mbali ikaibukia barabara ya Kampala, upande wa kaskazini, sisi tukaambiwa alfajiri tunarudi kwa kusini. Hapo kila mtu alishajua mlio ule ni nini. Kaka alikuwa anatetemeka, nilimwona. Akafunga kamba za viatu vyangu kwa sababu vidole vyangu vilikataa, tukaenda. Alianguka kabla jua halijapanda. Walibya walipigwa vibaya siku ile, mwezi uliofuata jeshi likaingia Kampala.

Babu Mdogo: Sasa mkiandika kwamba hakurudi nyuma, mnamwandika mtu mwingine.

Shangazi: Baba Mdogo miaka yote hii umekaa nayo peke yako?

Babu Mdogo: Mama yako alikuwa hai. Na watu wakisikia mtu alikimbia, hawangoji umalizie.

Shangazi: Mimi nimengoja. Nimeisoma mara mbili, ya pili nimeisoma kwa sauti. Nimezeeka nikidhani baba yangu alikuwa jiwe. Kumbe alikuwa anatetemeka, na akamfunga mdogo wake viatu.

Kaka Dodoma: Babu, tunashukuru sana kutuambia.

Mimi: Nimeandika upya, Babu. Nisahihishe:
“Askari wa mgambo, Brigedi ya 201, Vita vya Kagera. Aliita wenzake gizani katika kinamasi cha Lukaya, akarudi vitani alfajiri ya 11 Machi 1979, akafia hapo.”

Babu Mdogo: Sawasawa. Huyo ndiye.

Shangazi: Mpelekee fundi. Yale ya mama mimi nitabaki nayo.

Mimi: Nimeshamtumia Shangazi.

Kaka Dodoma: Basi naenda kulipia tiketi kabla ofisi haijafungwa. Tatu.

Babu Mdogo: Nne.