Mjadala: Kocha wa besiboli lazima awe alitamba uwanjani?

Mtoa mada

Wakuu, heshima kwenu. Wengi humu ni watu wa kandanda, na najua nikitaja besiboli nusu yenu mtapita tu. Tulieni kidogo, hoja yenyewe mnaijua. Timu ikifungwa mechi tatu mfululizo hakosekani wa kuuliza, "Kwani huyu kocha alicheza wapi?" Wamarekani wamelumbana juu ya swali hilo miaka nenda miaka rudi, na sasa pande zote mbili zimekalishwa benchi moja. Oktoba 2025 San Francisco Giants walimchukua Tony Vitello awe meneja, yaani kocha mkuu, wakamtoa moja kwa moja Chuo Kikuu cha Tennessee. Hajacheza besiboli ya kulipwa wala hajaifundisha, hata daraja la chini kabisa. Kisha wakamwekea Ron Washington awanoe walinzi wa ndani. Huyo alisaini mkataba wake wa kwanza mwaka 1970.

Kwa wasioujua mchezo: walinzi wa ndani ni wale wanaokaa kwenye beisi, yaani vituo anavyokimbilia mpigaji, na katikati ya beisi, karibu na mpigaji. Mpira unawafikia ukidunda ardhini kwa kasi ya kung'oa jino, na ukishaudaka huna nafasi ya kuwaza, unaurusha beisi ya kwanza kabla mkimbiaji hajafika. Ukikuponyoka, kosa linaandikwa kwa jina lako na linabaki vitabuni.

Washington ni mtoto wa New Orleans, amekulia Desire, nyumba za serikali za watu wa hali ya chini. Kansas City Royals walimpitisha kwenye chuo chao cha Sarasota, Florida, mradi wa mwenye timu Ewing Kauffman wa kuokota vijana wenye mbio na mwili mwepesi na kuwafundisha besiboli kuanzia sifuri. Chuo kilifungwa 1974. Tunda lake kubwa ni Frank White, mlinzi wa beisi ya pili aliyebeba Gold Glove, tuzo ya mlinzi bora, mara nane. Washington hakufika huko. Alionja ligi kuu na Dodgers Septemba 1977, mechi kumi, akarudi madaraja ya chini, na hakuiona tena mpaka 1981 akiwa na Minnesota Twins, miaka 29 mwilini. Akamaliza 1989 na mechi 564, wastani wa kupiga .261, yaani pigo safi mara 26 hivi katika kila majaribio 100, na mipira 20 tu iliyovuka uzio. Leo anapangwa shotistopu, yaani mlinzi wa kati ya beisi ya pili na ya tatu, kesho beisi ya pili, keshokutwa anakaa.

Mwaka 1991 akaanza kufundisha vijana wa Mets huko chini, 1996 akaenda Oakland. Hapo ndipo nataka tukae.

Zoezi lake ukiliona mara ya kwanza utacheka. Anamchukua mchezaji wa mamilioni ya dola, anampigisha magoti kwenye nyasi, anamvalisha glavu ndogo bapa isiyo na mfuko. Anasimama mita chache mbele yake na kagongo chembamba, anamgongea mipira inayodunda: kulia, kushoto, katikati ya mapaja. Magoti yakiwa chini, miguu haiwezi kukusitiri. Kinachobaki ni mikono na macho. Na glavu ile haishiki mpira yenyewe, lazima mkono wa pili uje haraka. Baadaye ndipo unaruhusiwa kusimama. Kesho mnarudia. Keshokutwa mnarudia.

Eric Chavez, mlinzi wa beisi ya tatu wa Oakland, alibeba Gold Glove sita mfululizo, 2001 hadi 2006. Ya 2004 alimpa Washington aende nayo nyumbani, imeandikwa kwamba asingeipata bila yeye. Scott Hatteberg alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, aliyeharibika kiwiko. Washington akamgeuza mlinzi wa beisi ya kwanza, na ni huyo huyo aliyepiga mpira uliowapa Oakland ushindi wa 20 mfululizo, tarehe 4 Septemba 2002. Marcus Semien alifanya makosa 35 mwaka 2015. Oakland wakamrudisha Washington, aliyekuwa ameshaondoka, katikati ya msimu ule, kijana akapigishwa magoti kila siku. 2021 Semien huyo huyo akatwaa Gold Glove yake.

Msimamo wangu basi: mwalimu bora wa kazi hii ni mchezaji wa kawaida, aliyekaa miaka akipigania nafasi ya mwisho kikosini. Nyota hajui alifanyaje. Asiyecheza hajui inavyouma. Karibuni mnipinge.

Mdau wa Mombasa

Ndugu yangu, maneno matamu, lakini umechagua samaki uwapendao ukawaacha wengine wavuni. Hao hao Giants kuanzia 2020 walikuwa na Kai Correa, kijana wa Hilo, Hawaii. Alicheza chuoni, basi. Ligi ya kulipwa hakuijua. Alijulikana kwa mazoezi ya walinzi wa ndani aliyokuwa akiyarekodi na kuyaweka mtandaoni. Wakampa walinzi wa ndani wa ligi kuu, na 2021 Brandon Crawford, shotistopu wa miaka 34, akarudi kubeba Gold Glove ambayo hakuipata tangu 2017. Timu ikashinda mechi 107. Sasa niambie, Correa alijua "inavyouma" wapi?

Na hilo zoezi la magoti halimtaki mtu aliyecheza mechi 564. Linamtaka mtu mwenye subira na jicho. Nyinyi mnamtukuza mzee kwa CV wakati sifa yake ni kuamka mapema.

Mdau wa Minneapolis

Huku Minnesota wazee wa Twins wanamkumbuka Washington vizuri, alikaa nao 1981 hadi 1986. Lakini mtoa mada amesimulia nusu ya hadithi, naona ile nusu nyingine kaiogopa.

Texas Rangers walimpa timu mwaka 2007. Akashinda mechi 664, hakuna meneja wa Texas aliyefikisha hizo. Akawafikisha World Series, fainali ya ubingwa, 2010 na 2011, mara zao za kwanza. Zote akapoteza. Ile ya pili, mchezo wa sita dhidi ya St. Louis, Rangers walibakiwa na mrusho mmoja kuwa mabingwa. Sio mara moja, mara mbili! Inningi, yaani kipindi, ya tisa David Freese wa St. Louis akapiga mpira kwenda kulia, Nelson Cruz akachelewa kurudi nyuma, ukampita juu. Cruz alikuwa mpigaji hodari, ulinzi wake wa mashaka, na benchi alikuwepo Endy Chavez, mlinzi safi. Mpaka leo watu wa Texas wanauliza kwa nini Wash hakumbadilisha. Mchezo ukaisha 10 kwa 9 inningi ya 11, na wa saba wakafungwa.

Benchi la St. Louis alikaa nani? Tony La Russa. Naye mlinzi wa ndani, mechi 132, wastani .199, yaani kama mchezaji alikuwa chini ya Washington mbali sana. Na aliyemfunga 2010 ni Bruce Bochy wa Giants, zamani mdakaji wa akiba. Kwa hiyo kwamba mchezaji wa kawaida anaweza kuwa bingwa wa kufundisha, nakubali bila ubishi. Ila kufundisha mikono ni kazi moja na kuongoza mchezo ni nyingine. Angels walimpa timu akiwa na miaka 71, 2024 wakapoteza mechi 99, hawajawahi kupoteza nyingi hivyo tangu timu iundwe. Vitello anaweza kuwa meneja mzuri kuliko yeye, na wala hatahitaji glavu bapa.

Mtoa mada

Mzee wa Minneapolis, sijaogopa, nilikuwa nabana nafasi. Na mengine uliyaacha wewe: 2009 alipimwa akakutwa na kokeini, akataka kujiuzulu, wakubwa wa Rangers, Nolan Ryan na Jon Daniels, wakamkatalia, na msimu uliofuata ndio ule wa World Series ya kwanza. Aliondoka mwenyewe Septemba 2014 kwa mambo ya nyumba yake. Miaka tisa hakuna aliyempa timu tena. Hiyo ya Angels mimi siihesabu sana, nyota wao Shohei Ohtani alikuwa ameshaondoka na mwingine, Mike Trout, alicheza mechi 29 tu. Mwaka uliofuata mzee akafanyiwa upasuaji wa moyo katikati ya msimu.

Lakini ile 2011, hapo umenishika, siwezi kumtetea. Endy Chavez alitakiwa kuingia.

Swali langu ni la mwalimu wa walinzi, sio la meneja, na hapo bado sijajibiwa vya kutosha. Baada ya Texas na Oakland alikwenda Atlanta, 2017 hadi 2023. Walinzi wa ndani wa huko, Ozzie Albies na Dansby Swanson, wote wamepita magotini kwake. Mpira wa mwisho wa World Series ya 2021 uligongwa chini ukamfuata Swanson, akaudaka, akamrushia Freddie Freeman kwenye beisi ya kwanza, wakawa mabingwa. Rahisi kuangalia. Umerudiwa kwenye mazoezi mara ngapi mpaka ukawa rahisi?

Kwa Correa nasema hivi, ndugu wa Mombasa: ni hodari, na sina neno naye. Ila nionyeshe kumi kama yeye. Upande wangu nina orodha. Upande wa nyota nako kuna Ryne Sandberg, beisi ya pili wa Chicago Cubs, Gold Glove tisa. Alijishusha kwelikweli, akaanza 2007 na timu ya Peoria huko madaraja ya chini kama mtu asiye na jina, akasafiri na vijana kwa mabasi. Phillies walipompa timu kubwa alishinda mechi 119, akapoteza 159, akaachia ngazi 2015. Unyenyekevu alikuwa nao. Haukutosha.

Mdau wa Mombasa

Kumi utawapata wapi wakati milango ilikuwa imefungwa? Waliowaajiri makocha ni wachezaji wa zamani, wakiajiri wachezaji wa zamani. Orodha yako ndefu kwa sababu hiyo tu.

Mdau wa Kampala

Nyinyi mnabishana kuhusu timu zenye makocha kumi na wawili. Huku kwetu swali ni la leo. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walifuzu fainali za dunia za Little League, ligi ya watoto, zinazochezwa Williamsport, Marekani, wakanyimwa viza. Mwaka 2012 Lugazi wakafika Williamsport, timu ya kwanza kutoka Afrika, wakaifunga timu ya Oregon. Mwaka 2022 Dodgers wakawasaini Ben Serunkuma na Umar Male. Yote hayo bila mstaafu wa ligi kuu anayeishi hapa kufundisha. Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu ya Marekani ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, tena mlinzi wa ndani, Aprili 2017. Mpaka mwaka huo hakuna mwingine, kwa bara zima. Tukisema kocha lazima awe amecheza, tumefunga duka.

Kocha wa kijiji anahitaji mipira, glavu, na mtu wa kumwonyesha mara moja kwa usahihi. Mngekuwa na nauli ya mtu mmoja, mwezi mmoja, mngemleta nani?

Mdau wa Mombasa

Correa. Tena huyo kazi ya kufundisha bila jina anaijua, ndiyo yenu.

Mtoa mada

Washington, mradi daktari wake amruhusu kupanda ndege. Na asilete jezi za zawadi, alete sanduku zima la zile glavu bapa.