Mrututu hauui seli za matamvua: kosa liko wapi?

Mwana_wa_Shela (Lamu): Asalaam aleikum jamaa. Rangi inayopakwa chini ya vyombo vya bahari ina oksidi ya shaba. Nataka kupima shaba hiyo inavyodhuru seli za matamvua ya trauti, RTgill-W1, kwa kutumia mrututu (salfeti ya shaba). Kwenye L-15 (maji ya kulishia seli) yenye seramu 10%, hata mikromola 200 kwa saa 24 haziui, na maji ya visima vya sahani ya seli yanachafuka kama yenye ukungu. Nikitoa seramu zinakufa, ila kila jaribio kwa kipimo chake.

Maalim_Seli: Wa aleikum salaam ndugu. Dozi yako inaliwa na seramu: albumini, protini yake, inaishika shaba isifike kwenye seli. Histidini na sisteini, asidi amino za L-15, nazo ni hivyo hivyo. Ukungu ni shaba iliyoganda na fosfeti. Siku ya kutia dozi tumia L-15/ex, ya chumvi, galaktosi na piruvati tu; ndiyo inayotumika kwenye OECD 249, mwongozo wa kupima sumu kwa seli hizi. Fosfeti bado imo, kwa hiyo anza mikromola 100 ushuke nusu kwa nusu hadi 1.6.

Mizani_Malindi: Kabla ya yote, soma lebo ya chupa. Mrututu wa buluu una maji ndani yake, uzito wa molekuli 249.7, ule mweupe mkavu ni 159.6. Ukipima wa buluu kwa hesabu ya mweupe, dozi inapungua zaidi ya theluthi. Miligramu 24.97 za buluu kwenye mililita 10 za maji safi ni milimola 10. Chuja kwa kichujio cha mikromita 0.22 hapo hapo, si baada ya kuchanganya na L-15/ex, maana kichujio kitabaki na chembe zilizoganda. Kisha itie kwenye L-15/ex, 1 kwa 100, upate mikromola 100. Visima visivyo na dozi navyo vitie maji 1%, na vingine sodiamu salfeti, usije ukaisingizia shaba.

Mwana_wa_Shela: Shukrani. Inkubeta (kabati la kulelea seli) ni ya kaboni dioksidi, 5%. Kuna neno?

Maalim_Seli: Hapo ndipo! L-15 haina bikaboneti. Gesi ile inaitia asidi, na asidi inaachia shaba huru zaidi. Hapo umeshapoteza jaribio. Weka hewa ya kawaida, nyuzi 19, kwa inkubeta inayopoza. Ya kupasha tu haishuki chini ya joto la chumba, na joto la pwani unalijua.

Mizani_Malindi: Ukisoma kwa resazurini, rangi inayotoa mwanga seli zikiwa hai, weka visima vyenye shaba bila seli, uone kama shaba yenyewe inabadilisha mwanga. Na trauti si tafi: usiandike kwamba umepima samaki wa Lamu.