Shemeji anataka nimwonyeshe njia niliyopita, na mimi nilikwama tu kwenye mvua

Fundi_Buguruni:
Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo linanikereketa, nisaidieni mawazo.

Mimi ni fundi friji, kibanda changu kipo Buguruni. Nina vijana wawili, na wauza samaki kadhaa wa Feri majokofu yao nayashughulikia mimi. Si tajiri, ila watoto wanakula na kodi ya nyumba hailali. Sasa mdogo wake mke wangu kaja kutoka Lushoto, kamaliza kidato cha nne. Juzi tunakula, akaniambia, "Shemeji, niambie ulipita wapi na mimi nipite hapohapo." Nikashindwa kumjibu. Nikajiongezea ugali.

Ukweli wenyewe ni huu. Nilikuwa konda, daladala ya Kimara–Posta. Mwendokasi ilipoanza Mei 2016 tukaondolewa Barabara ya Morogoro, tajiri akauza gari, mimi nikabaki deiwaka: leo unaitwa, kesho huitwi. Masika ya 2018 nikaitwa kwenye usaili wa kazi ya ulinzi mjini. Nikaazima shati jeupe la jirani, mikono imenipita. Kufika Magomeni, maji yamefunga njia pale Jangwani, mabasi hayapiti. Tumejazana kwenye baraza za maduka, na pembeni yangu mzee mmoja kaweka kompresa ya friji chini, anahema. Akasema, "Kijana, hebu nishikie upande huo, maji yanaifikia." Basi. Tukaibeba hadi kwa mteja wake Magomeni Mikumi, shati likaingia oili kifuani, usaili ukawa ndiyo kwaheri. Nikakaa namwangalia anavyoifunga. Wakati wa kuondoka akaniambia kama huna kazi, kesho njoo.

Miezi minane nilibeba begi lake bila mshahara, nauli na chakula cha mchana tu. Mke wangu (enzi hizo mchumba) alidhani nimerogwa. Kitu cha kwanza kunifundisha hakikuwa gesi wala moto. Alinipa rilei, kile kidude cha kuwashia kompresa, akasema itikise sikioni. Ikilia kama njugu kwenye kopo, imekufa. Ikinyamaza, usishangilie, ipime kwanza. Nilitikisa rilei mpaka ndotoni.

Halafu mzee macho yakaingia mtoto wa jicho. Kuchomelea paipu za shaba kunataka kuona rangi ya moto, yeye akawa haioni. Akatoboa paipu ya mteja, akatoboa na nyingine, wateja wakaanza kunipigia mimi. Hapa ndipo panaponiuma. Nusu ya ulaji wangu imetoka kwenye macho ya mtu.

Sasa dogo nimwambieje? Akasimame Magomeni asubiri mvua?

Kipanga wa Tandika:
Mkuu acha kujishusha. Pale barazani mlikuwa wengi, aliyeshika kompresa ni wewe.

Fundi_Buguruni:
Nilikuwa karibu tu, ndugu yangu. Angesimama hatua tano kule angemwomba mwingine, na leo huyo mwingine ndiye angekuwa anaandika hapa.

ChumaUlete:
Bahati tupu, tusidanganyane. Juni 2020 mzee Laizer wa Mirerani aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite, moja kilo 9.27, la pili kilo 5.1, akaondoka na shilingi bilioni 7.7 na ushee. Nina binamu yangu kashuka mashimo ya hukohuko miaka kumi na moja. Karudi na kikohozi. Juhudi gani ambayo hakufanya?

Mwalimu_Chaki:
Pole kwa binamu, Chuma. Sibishani na wewe.

Ila Fundi, kwa kuwa wewe ni mtu wa majokofu na shemeji yako ni wa Lushoto, mwambie habari ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Magamba, hukohuko Lushoto. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friza. Nafasi ilikuwa inagombaniwa. Mpemba akaona mwenzake kawahi na maziwa ambayo hata hayajachemshwa, akahofia kukosa nafasi, akatumbukiza yake yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, yake yameganda, ya mwenzake bado uji.

Kugombania friza ni bahati, sawa. Lakini akamuuliza mwalimu, akaambiwa umechanganyikiwa. Akaenda Mkwawa, Iringa, akauliza tena, mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Darasa likapata cha kumtania. Siku Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu hapa Dar alipokwenda kuzungumza nao, kijana akasimama akauliza lilelile mbele ya wenzake wanaocheka. Osborne akarudi Dar, akaagiza lipimwe maabara. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Wanasayansi wanalibishania mpaka leo, lakini jina ni la Mpemba.

Na yeye mwenyewe hakuwa mwanafizikia, aliingia mambo ya wanyamapori. Hilo nalo mwambie dogo.

Kipanga wa Tandika:
Mwalimu, kwa hiyo maji ya moto yanawahi kuganda? Nina biashara ya barafu za mia mbili, usinichanganye.

Mwalimu_Chaki:
Si kila mara, kaka. Usimwage mtaji.

BiZakia_Temeke:
Wanaume mnabishana bahati na juhudi, mie nauliza moja. Huyo mzee yuko wapi? Mtoto wa jicho unatolewa. Wateja wake ulipowachukua, ulimpeleka hospitali?

Fundi_Buguruni:
Bi Zakia, shikamoo. Nilijua atatokea mtu wa kuuliza.

Nilichelewa. Mwaka mzima na zaidi nilikuwa nasema mwezi ujao, mwezi ujao. Jicho la kulia alifanyiwa 2021, nikalipa mimi na mwanawe wa Mbagala, nusu kwa nusu. La kushoto bado. Jumamosi huwa anakuja kibandani, anakaa juu ya ndoo na kunikosoa moto: "Umezidisha, shaba inalia."

Dogo nimemwambia kesho saa moja asubuhi tunaondoka wote, avae viatu vya kufunga. Mshahara hakuna, nauli na chakula cha mchana. Amenuna. Ila rilei nimempa, na sasa hivi namsikia chumbani anaitikisa.